Kichwa cha Pazia: Marinda Yapi Yaifaa Nyumba Yako?

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo la nyumbani ambalo kwa sura yake laonekana dogo, nalo ni pazia. Wala si pazia zima, bali sehemu yake ya juu tu, pale nguo inapokunjwa na kushikwa ili ianguke vizuri. Sehemu hiyo nitaiita kichwa cha pazia, na mikunjo yake nitaiita marinda, kwa jina lile lile tulitumialo kwa sketi za wasichana wa shule. Kwa kuwa mazungumzo haya yapigwa chapa, nimetia hesabu kidogo ndani yake, na wanafunzi watakaoyasoma watwae penseli.

Najua yuko bwana mmoja mahali fulani ambaye amekwisha kusema, "Hayo ni mambo ya akina mama," naye ataka kwenda zake. Namwomba akae. Akitembea Kihesa na kutazama baraza za maduka atawaona mafundi cherehani, na wengi wao ni wanaume kama yeye. Tena nguo ya mapazia ya nyumba yenye vyumba vitatu si nguo ya kununuliwa kwa senti za mfukoni. Huweza kumaliza fedha ambazo mkulima amezipata kwa jasho la msimu mzima wa mahindi au viazi. Nguo ikishakatwa vibaya hairudi dukani, na yule mkulima hana fedha nyingine mpaka mavuno mengine.

Wasioijua Kihesa niwaambie kwamba ni sehemu ya mji wa Iringa, na mji huo uko juu ya bahari kwa zaidi ya futi 5,000. Tangu mwezi wa Juni mpaka Agosti usiku huwa na baridi kali, na upepo wa kiangazi huleta vumbi jekundu ambalo hupenya kila mahali. Nyumba nyingi ni za matofali ya kuchoma na mabati, zenye madirisha ya vioo na nondo. Basi pazia letu lina kazi isiyo sawa na ya pazia la pwani. Katika nyumba za kale za mawe kule Lamu, pazia lilitungikwa kuwatenga wa ndani na wageni, na hewa ikapita. Mtu wa Tanga au Dar es Salaam ataka pazia jepesi ambalo huficha watu na kuruhusu upepo. Sisi wa nyanda za juu twataka pazia ambalo hufunga. Kwa sababu hiyo msiige tu picha mliyoiona, wala pazia la shangazi aishiye pwani, hata likiwa zuri namna gani.

Sikilizeni namna baridi ingiavyo. Usiku kioo cha dirisha hupoa upesi. Hewa ya chumbani ikikigusa kioo hicho nayo hupoa, ikawa nzito, ikashuka. Ikiwa juu ya pazia pana nafasi, hewa yenye joto huingia nyuma ya pazia kwa nafasi hiyo, ikapoa, ikatokea chini miguuni penu. Na kazi hiyo huendelea usiku kucha bila mtu kuiona. Pazia laweza kuwa zito kama blanketi, walakini kichwa chake kikiwa na mianya, watu wa nyumba watalalamika kwamba miguu yao yapata baridi, wala hawatajua sababu. Kwa hiyo kichwa kilicho bora kwetu ni kile kisimamacho juu ya fimbo kwa inchi moja au mbili na kuificha, na fimbo yenyewe iwe karibu na ukuta, na ncha za pazia zigeuzwe kuugusa ukuta huku na huku.

Hapa nisimame kidogo, maana neno hili ni la uhai. Wako watu ambao baridi ikizidi huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha, wakateremsha mapazia, wakalala. Mkaa uwakapo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imewaua watu wengi usingizini. Jiko na likae nje. Ukiwa na pazia lililoshonwa vema na blanketi la kutosha hutalihitaji; na ukiliingiza ndani, pazia hilo hilo zuri litaifungia sumu pamoja nawe. Kadhalika koroboi na mshumaa visikae chini ya dirisha lenye pazia.

Sasa turudi kwenye marinda. Watu wengi huanza mwisho. Huenda dukani wakapendezwa na maua ya nguo, wakanunua yadi kadiri ya fedha zao, kisha wakampelekea fundi na kumwuliza, "Fundi, utatushonea marinda gani?" Fundi mwema hutazama nguo, akatazama vipimo, akakuna kichwa. Ilipasa waanze na kichwa cha pazia, maana ndicho kinachosema nguo iwe kiasi gani. Tufanye hesabu, nanyi mtaona.

Tuseme dirisha lina upana wa futi 4, yaani inchi 48. Fimbo ipite dirisha kwa inchi 6 kila upande. Fimbo yote basi yawa inchi 60. Kutoka fimboni mpaka pazia liishapo, tuseme inchi 84. Ongezeni inchi 12 za kukunja kichwani na za upindo wa chini, na kila kipande kitakatwa inchi 96, yaani futi 8. Nguo nyingi za mapazia zina upana wa inchi 54. Ziko pana kuliko hizo, lakini tushike kipimo hiki.

Mtu abanaye fedha hukata vipande viwili, kimoja kila upande. Hizo ni futi 16, yaani yadi 5 na futi 1. Upana wa vipande vyake ni inchi 108. Toeni inchi 8 za pindo za kando, zabaki 100. Lakini fimbo ni inchi 60, na marinda ya kubana hutaka nguo yenye upana mara mbili ya fimbo, au mara mbili na nusu. Mara mbili ya 60 ni 120. Hana. Akimlazimisha fundi, fundi atatia rinda moja huku na jingine kule, kama meno ya mzee, na pazia likifungwa litakuwa tambarare kama shuka iliyoanikwa kambani.

Mwingine hukata vipande vitatu. Hizo ni futi 24, yaani yadi 8 kamili. Kipande cha tatu hupasuliwa katikati kwa urefu, na kila nusu ikaungwa na kipande kizima. Kila upande sasa una inchi 81. Toeni inchi 4 za pindo za kando na inchi 1 ya mshono, zabaki 76. Twataka kila upande ukimalizika uwe inchi 32, ili mapazia mawili yapandane kidogo katikati na kuziba mwanya. Toeni 32 katika 76, zabaki 44. Hizo 44 ndizo chakula cha marinda. Tukitia marinda 8, kila rinda lapata inchi 5 na nusu. Na kati ya rinda na rinda twaacha inchi 4, na inchi 2 kila mwisho. Wanafunzi, jumlisheni: nafasi 7 za inchi 4 ni 28, na ncha mbili za inchi 2 ni 4, jumla 32. Hesabu yakubali. Na zile yadi zilizozidi ni 2 na futi 2 tu kwa dirisha zima.

Marinda hayo ya inchi 5 na nusu ndiyo niyapendayo kwa sebule ya mtu aliyejenga nyumba yake mwenyewe. Wanafunzi wangu wa ualimu huyaita marinda ya vidole vitatu, nami nimelikubali jina hilo. Kwanza rinda hushonwa kuwa kitanzi kimoja kikubwa, mshono ukishuka kutoka juu kwa inchi 4. Kisha kitanzi husukumwa kwa ndani, kikagawanyika kuwa vidole vitatu vilivyo sawa, navyo hubanwa kwa mishono michache ya mkono pale chini. Kabla ya hayo yote kichwa hutiwa ndani kitambaa kigumu, kama kile fundi akitiacho katika kola ya shati, ili kisilegee. Nyuma ya kila rinda hutiwa kulabu, na kulabu ikiwekwa chini kidogo kichwa husimama na kuificha fimbo, kama nilivyosema juu ya baridi. Uzuri wa marinda haya ni kwamba mikunjo huanguka sawasawa mpaka chini, na pazia likifunguliwa mchana hujikusanya mahali padogo, mwanga ukaingia wote. Ubaya wake ni mmoja, nao ni mkubwa: pazia limefungwa ndoa na dirisha lile. Lilishonwa kuwa inchi 32, litabaki inchi 32.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo nataka vijana walifikiri sana. Wengi wakaao Kihesa ni wapangaji. Kuna wanafunzi wa vyuo, kuna makarani, kuna walimu wapya walioanza kazi. Mwalimu wa Serikali leo yupo Iringa, mwakani huenda akahamishiwa Mufindi au Makete, na dirisha la nyumba atakayopewa huko halitauliza pazia lake lina inchi ngapi. Mtu kama huyo akitumia mshahara wake kwa marinda yaliyoshonwa kabisa, ameishonea mapazia nyumba ya mwenye nyumba.

Mpangaji na achague marinda ya kuvuta. Haya hushonwa kwa utepe maalumu wenye nyuzi ndani yake, uuzwao kwa yadi katika maduka ya vifaa vya cherehani. Utepe hushonwa nyuma ya kichwa wakati nguo ikiwa bapa; kisha nyuzi hufungwa upande mmoja, na upande wa pili huvutwa, kama mtu avutavyo kamba ya mfuko, mpaka pazia lifikie upana utakiwao. Mikunjo yake ni myembamba na mingi, kama penseli zilizosimamishwa kando kando. Dirisha jipya likiwa pana, legezeni nyuzi. Likiwa jembamba, vuteni zaidi. Tena siku ya kufua pazia hufunguliwa likawa bapa kama shuka, likafulika upesi, likakauka upesi, na pasi ya mkaa ikapita bila taabu. Jambo hili mwenye kuishi katika vumbi la Iringa atalishukuru. Lakini nawasihi, msizikate nyuzi zilizobaki! Nimewaona watu wakizikata ili pazia liwe safi kwa nyuma, na baada ya hapo pazia haliwezi kufunguliwa tena. Zifungeni fundo lifungulikalo, zizungusheni katika kipande cha karatasi ngumu, mzifiche nyuma.

Nisiwafiche kwamba marinda ya kuvuta hayawi nadhifu kama yale ya vidole. Baada ya siku nyingi za kufungua na kufunga, mikunjo huhama, ikajaa upande mmoja, na mama wa nyumba hulazimika kuipanga tena kwa mkono. Kwangu mimi taabu hiyo ni ndogo kuliko hasara ya kununua nguo mara ya pili.

Na yule mwenye vipande viwili tu, mwenye inchi 100 kwa fimbo ya 60, tumwambieje? Asione haya. Achague pazia la ringi, lile lenye matundu makubwa ya duara ambamo fimbo hupita, maana hilo latosheka na nguo ya mara moja na nusu au zaidi kidogo ya fimbo, na mikunjo yake hujifanya yenyewe. Ni kweli kwamba nguo ya ringi huzunguka fimbo ikiacha mianya kwa juu, na baridi hupata njia; walakini pazia la ringi lenye nguo ya kutosha ni bora kuliko marinda ya vidole yaliyonyimwa nguo. Akipata fedha kidogo baadaye atie bitana. Bitana ya merikani yafaa sana. Jina hilo ni la kale. Lilibaki na ile nguo nzito isiyotiwa rangi iliyoletwa na merikebu za Marekani Unguja, hasa baada ya mapatano ya biashara ya mwaka 1833. Lakini ifueni merikani kabla ya kuikata, na nguo ya mbele kadhalika, maana nguo mpya ikifuliwa hurudi, na zisiporudi sawa pazia zima hukunjamana kama uso wa mtu aliyekula ndimu.

Yako marinda mengine ambayo nitayataja upesi. Marinda bapa, kama yale ya sketi ya shule, ni mazuri machoni, lakini yakishonwa kwa ukamilifu bila nafasi hula nguo mara tatu ya fimbo, wala hayakusanyiki vema yakivutwa. Yafaa kwa kile kipande kifupi kifichacho fimbo, basi. Marinda ya bilauri, ambayo kila moja huachwa wazi juu kama kikombe, ni ya kumbi kubwa zenye dari ya juu. Kwetu yatakusanya vumbi tu.

Angalieni nguo yenyewe pia. Nguo nzito iliyofumwa kwa mkono, mfano wa zile zinazofumwa katika karakana ya Neema mjini Iringa, iliyoanza mwaka 2003, haipendi vidole vitatu. Rinda huwa nene kama gumba la mkulima. Ipeni vidole viwili. Kanga nayo ina adabu yake. Ina pindo, ina mji, ina jina lake lililoandikwa. Mkiitia marinda ya kuvuta, maneno yote yamemezwa, na mgeni atasoma nusu ya methali na kuipa maana isiyokusudiwa. Kanga itundikeni ikiwa karibu na bapa.

Kwa mlango sitaki marinda ya kushonwa hata kidogo. Sisi sote twajua desturi yetu: mchana mlango wa nje huwa wazi, pazia limeshuka, na mgeni husimama nje akapiga hodi. Pazia hilo hushikwa na kila mkono uingiao na utokao, wa mtoto aliyekula mandazi na wa baba aliyetoka kushika baiskeli. Hutaka kufuliwa kila mara. Likunjeni juu, acheni njia ya kupitisha fimbo nyembamba au waya, na hilo latosha. Mtalivua kwa dakika moja.

Neno juu ya mitumba, maana wengi hununua mapazia huko, na hawafanyi vibaya. Mengi ya mapazia hayo huja yakiwa na marinda ya kubana yaliyoshonwa kwa madirisha ya watu wengine. Msiyapime kwa upana mnaouona. Pazia lililobanwa likawa inchi 45, likifumuliwa marinda yake laweza kutoa inchi 90 au zaidi. Mnunuzi ajuaye hilo hupata nguo ya madirisha mawili madogo kwa bei ya pazia moja. Lakini kabla ya kutoa fedha lifungueni mkalishike mbele ya mwanga. Jua la miaka mingi hubabua migongo ya mikunjo, na pazia ambalo likiwa na marinda lilionekana la rangi moja, likifumuliwa hutokea mistari kama ya punda milia. Likiwa hivyo, ama liacheni, ama mlichukue pamoja na marinda yake kama yalivyo. Tazameni pia matundu ya sindano pale mishono ilipokuwa, kama nguo imechakaa hapo itapasuka siku ya kwanza ya kufuliwa.

La mwisho ni kazi ya siku ya kutundika, ambayo mafundi wengi huiacha bila kuifanya. Pazia lenye marinda likishatundikwa, lisukumeni lote upande mmoja kama mnavyolifungua asubuhi. Pitisheni vidole katika kila mkunjo kutoka juu mpaka chini, mkunjo mmoja ukienda mbele na mwingine nyuma. Kisha lifungeni kwa vipande vya nguo mahali patatu, karibu na juu, katikati, na karibu na chini, bila kukaza sana, mkaliacha hivyo kwa siku mbili au tatu. Nguo itakumbuka mikunjo yake. Na siku ya kufua, ondoeni kulabu zote za chuma kwanza mkazitie katika kopo, kwa kuwa alama ya kutu katika nguo haitoki kwa urahisi. Kwa herini.